Maksai wa Mama Anyesi

Bariadi,
21 Agosti 1994

Mpendwa kaka Marcelo,

Mwangaluka, kaka. Naomba barua hii ikukute mzima huko Mwanza, na barafu ya kiwanda cha samaki iwe imekuachia vidole vyote. Shemeji Philomena ameacha kukohoa? Mimi mwili ni mzima, ila nyumbani Bukundi sijafika tangu Januari. Nalala chumba cha nyuma ya duka. Pamba imepatikana, na mwaka huu wanunuzi ni wengi mpaka watu hawajui wamfuate yupi.

Sasa ya moyoni. Uliponitafutia kazi kwa daktari Athanasi uliniambia nitashika ng'ombe wachomwe sindano wapone. Tangu serikali ilipompunguza kazini akafungua duka lake la dawa, na josho likakauka, ng'ombe wagonjwa hawakosekani. Miezi minane nimeshika, na kazi sikuichukia.

Mwezi uliopita tuliitwa kwa mama Anyesi, shangazi yake shemeji. Maksai wake alikuwa chini siku ya nne, hainuki. Siku hizi dawa za mifugo zinauzwa hata penye sabuni na chumvi, na mama alikuwa amemchoma kila aina aliyoiona, mpaka nyama yake haifai kuliwa. Daktari hajui Kisukuma. Akanituma nimweleze mama kwamba tunampa dawa ya nguvu, kesho atasimama. Nikaeleza kwa moyo mmoja, maana nami niliamini. Nikapiga ule mluzi wetu wa kuita ng'ombe wanywe maji. Maksai akatulia, akaniwekea kichwa pajani. Sindano ikaingia, na muda si muda akafa mikononi mwangu.

Mama hakumtazama daktari. Alinitazama mimi.

"Ng'wanawane, hata wewe mwanangu? Ungeniambia, ningemuaga."

Tangu mumewe afariki, maksai yule ndiye aliyelima naye.

Njiani nilimuuliza daktari kwa nini alificha kwamba sindano ile ni ya kuua. Akasema watu wakiambiwa ukweli wanachinja ukigeuza mgongo, wanauza nyama yenye dawa. Kisha akacheka. "Kwani Marcelo hakukufundisha? Hayo ya kesho atasimama ni maneno yake."

Kaka, baba zetu walichunga zizi moja. Ulishika kamba hiyo miaka miwili kabla yangu, ukaniingiza bila kunionya.

Sasa nikisikia kengele ya baiskeli ya mtu anayekuja kutuita pale dukani moyo unapiga kama nimeiba. Mikono inatoka jasho, na ng'ombe wanalijua, wananivuta na kamba yao. Ugali naumeza kama udongo.

Wiki iliyopita punda wa Machibya, yule muuza maji, alivunjwa mguu na lori la pamba. Nilimtangulia daktari nikamwambia Machibya kwamba punda haponi, anakufa leo, na mimi ndiye nitakayemshika. Alikaa chini akamkuna masikio. "Mshenzi wewe," akamwambia, "ulinimwagia maji mbele ya wakwe." Akacheka huku analia, nami vilevile. Ndipo akaturuhusu tuchome. Siku hiyo nilikula. Daktari alinuna kwamba nimemchelewesha. Nikamwambia nitashika, ila wa kudanganya atafute mwingine. Bado hajanifukuza.

Leo baada ya misa nilikwenda kwa mama Anyesi. Nilimwambia nilidanganywa, nami nikamdanganya. Alinipa kigoda, maziwa hakunipa. Akaniuliza ni nani aliyeanzisha maneno yale. Nilimwambia namjua, lakini jina sikulitaja. Mabasi ya kutoka Mwanza yapo kila siku. Njoo ulitaje mwenyewe.

Nisalimie shemeji. Kumsomea barua hii au kutomsomea ni juu yako. Wasalimie pia Winnie na Keneth, waambie baba yao mdogo anawakumbuka. Mungu akutunze kazini na akufikishe salama huku.

Ndugu yako, akupendaye pamoja na uchungu huu,

Mihayo