Mke Mwenza wa Mama Katoka Eda

Baba,

Shikamoo. Sijui kama salamu hii inakufikia, lakini ulitulea hivyo, kwamba mtu haanzi maneno na mzee wake kabla ya kumwamkia, na sitaanza utovu wa adabu leo kwa sababu tu wewe umelala mchangani na mimi niko huku juu na kalamu.

Nakuandikia habari ya gari. Limeondoka jana asubuhi.

Siku ile ya mwisho ulinishika mkono ukaniambia, "Mwanakombo, gari wapeni wale wa zahanati ya wazazi. Nesi asiendelee kuzunguka na baisikeli." Nikakuitikia, nikidhani ni kazi ya kumkabidhi mtu funguo tu. Kumbe sivyo.

Tulipomaliza arobaini yako, imamu alitukalisha barazani, mimi na kaka Hamisi, na Mama ndani nyuma ya pazia kwa kuwa yumo edani. Akatueleza kwamba wasia wa marehemu hauvuki thuluthi ya mali yake, isipokuwa warithi wote waridhie. Na wewe mali yako ilikuwa nini, Baba? Nyumba, minazi, mbuzi wachache, na hilo gari la Kijapani la zamani ambalo kutoka Likoni hadi Lunga Lunga halina mwenzake. Gari peke yake liliivuka thuluthi kwa mbali. Nilimhofia Hamisi, maana yule Mzungu wa hoteli ya Diani alikuwa amekwisha kuja mara mbili kulizunguka na kulipiga picha, akitaka kulinunua. Lakini Hamisi alisema, "Mie nimeridhia. Ndivyo alivyotaka Baba," akainama akichezea kamba ya kiatu. Nilimwonea fahari kaka yangu siku hiyo. Aliyekataa ni Mama.

Unakumbuka alivyokuwa akiliita. Mabaharia wenzio walirudi na vitambaa na vyombo vya kaure, wewe ukashuka Kilindini na gari kutoka Yokohama, na Mama akasimama mlangoni akasema, "Haya, kaniletea mke mwenza." Na kweli ulioa, Baba, tusidanganyane. Ulimjengea banda la makuti kabla hujaziba paa la jikoni. Kila Ijumaa alioga yeye kwanza, wewe baadaye. Yale maandishi ya Kijapani karibu na usukani ulituambia yanasema ni marufuku kula ndani ya gari, na mimi niliamini mpaka nikawa mwalimu. Hata kaimati moja hukuturuhusu. Mama alikuwa akikuchungulia dirishani na kusonya, nawe ukicheka. Nilidhani yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kulifungulia njia lipite.

Badala yake alisema nyuma ya pazia, sauti imetulia kabisa: "Huyu naye kafiwa na mume. Mjane hahami nyumba ya mumewe mpaka amalize eda. Atakaa miezi minne na siku kumi, kama mie."

Imamu alikohoa. Hamisi aliniangalia. Hakuna aliyejua kama ni mzaha. Wageni walipoondoka niliingia ndani nikamkuta amejifunika kaniki mpaka kichwani, nikamwambia, Mama, watu watatucheka. Akanijibu, "Wacha wacheke. Huyo akiondoka, nani mwingine humu ndani atakuwa amekaa naye miaka yote hiyo?" Nilikaa naye tu, nikamkanda miguu.

Na nikuungamie jambo, Baba. Mdomoni nililalamika, lakini moyoni nilishukuru. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa naingia bandani, nakaa kiti cha abiria, nafunga mlango. Harufu yako ilikuwa bado imo, ya grisi na tumbaku. Nakaa kidogo, kisha naenda kufundisha. Na nesi akiendelea kupita mbele ya shule na baisikeli yake, mkoba umefungwa nyuma kwa mpira, jasho linamtiririka. Nikimwona nilikuwa nageukia ubao, naandika kitu chochote. Nilikuahidi, na ahadi ilikuwa inapita barabarani kila siku mbele ya macho yangu.

Wiki iliyopita, baada ya adhuhuri, Mejumaa wa nyumba ya pili alishikwa na uchungu. Nesi alikuwa kijiji cha Waa kwa mzazi mwingine, na kwa baisikeli asingewahi. Hamisi alikimbia mpaka dirishani kwa Mama. Hakwenda bandani, alikwenda dirishani, kumwombea ruhusa mjane wa pili. Nami nilisimama nyuma yake nikijiuliza tutafanya nini Mama akikataa.

Mama alisema, "Mjane huruhusiwa kutoka kwa dharura. Mtoeni haraka."

Basi tukamlaza Mejumaa kiti cha nyuma, kile chembamba, na mimi nikajibana miguuni pake. Tulikuwa tunampeleka hospitali, njia ya Ukunda. Hatukufika hata barabara kuu. Baba, mimi ni mwalimu wa hesabu. Najua nini mimi? Mejumaa ndiye aliyenifundisha, mtoto wake wa tatu huyo. "Mwalimu, shika kichwa. Shika, usisimame kama unangoja kengele." Hamisi alisimamisha gari kando ya shamba la mihogo, akashuka akatugeuzia mgongo, akawa anasoma Ayatul Kursi kwa sauti kubwa, anakosea, anaanza upya. Mtoto akaja mikononi mwangu. Wa kike. Tulimviringisha katika kikoi chako ulichokuwa ukitandika kulinda kiti. Kiti chenyewe hakikulindika. Wewe uliyetunyima kaimati, ungekiona ungezimia.

Mama yake na mtoto wote wazima, alhamdulillahi. Mumewe anataka kumwita mtoto Yokohama. Tunamzuia.

Tuliporudi, Mama alikuwa ananingoja nyuma ya mlango. Akauliza, "Kazalia wapi?" Nikamwambia, ndani ya gari, Mama, na kiti kimeharibika, nisamehe. Akaanza kucheka. Baba, tangu siku ya mazishi yako sikuwa nimesikia kicheko hicho. Alicheka mpaka akakaa chini, akafuta macho kwa pindo la kaniki, akasema: "Basi mwenzangu kazaa. Na mjane akizaa, eda yake imekwisha, hata kama mumewe kazikwa jana. Hiyo ni sheria, kamuulizeni imamu. Mpeni ruhusa yake aende."

Imamu alipoulizwa alicheka mpaka kofia ikamtoka. Akasema hukumu ya Bibi haina kasoro, ila hajui kama vitabu viliwahi kukusudia magari.

Jana tuliagana naye. Mama hagusi manukato mpaka eda yake iishe, kwa hiyo alinituma mimi nifukize udi ndani ya gari, na akasimama nyuma ya dirisha akinielekeza, "Chini ya kiti pia. Asiende kwa watu ananuka." Mimi na Hamisi tulikuwa tumekisugua kiti siku tatu, doa halikutoka lote. Nesi alisema liacheni. Alikaa mbele karibu na dereva wa zahanati yao, mkoba mapajani, akawa hajui pa kuweka mikono. Gari likanguruma, Mama akaweka kiganja chake kwenye nondo za dirisha, likaondoka.

Mimi ndiye niliyeshindwa. Nilirudi bandani nikakuta mahali pake pako wazi, alama za matairi tu, na kuku wawili wamekwisha kuingia. Nikalia pale kilio ambacho sikukulilia siku ya kukuzika, kwa sababu siku ile nilikuwa na wageni wa kupikia. Mama alinisikia. Akaniita dirishani, akanishika vidole kupitia nondoni, akasema:

"Usilie, mwanangu. Alituacha wajane wawili. Mmoja kapata kazi."

Nimetimiza uliloniagiza, Baba, ingawa nilichelewa. Mola akulaze pema. Lala, usiwaze habari ya nyumba hii. Huyu mjane aliyebaki niachie mimi.

Binti yako,
Mwanakombo
Tiwi