Furushi la Mwisho katika Orodha ya Mwalimu Eliudi

Katika jina la Mungu aliye hai, awaitaye walio wake kila mmoja kwa jina lake, wala hamchanganyi huyu na yule.

Ndugu yangu Mwalimu Eliudi,

Amani ya Bwana na iwe juu ya mahali ulipolazwa. Nakusalimu kwa heshima, pamoja na salamu za mkeo, Mama Njeri, ambaye ni mzima wa mwili ingawa siku hizi huongea kwa sauti ya chini. Mimi Zablon ni mzima pia. Goti hunisumbua mvua inapokuja kutoka upande wa ziwa, lakini si goti lililonifanya nishike kalamu. Nimeshika kalamu kwa sababu nimeudhika. Nimeudhika na dalali, nimeudhika na wazee wa kanisa lako, na, Mungu anisamehe, nimeudhika na wewe.

Najua, kwa imani niliyofundishwa tangu ujana, kwamba waliolala hawajui neno lolote mpaka parapanda ilie. Tulibishana juu ya jambo hilo miaka mingi, wewe mtu wa Jumapili na mimi mshika Sabato, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Basi barua hii ataisoma Mama Njeri kwa niaba yako. Nawe siku ile utakapoamka, nitakusimulia upya kwa kinywa, na utanijibu.

Unakumbuka jinsi ulivyotaka vitabu vyako viuzwe. Ulinieleza mara nyingi mno pale kwenye kibanda chako cha vitabu vikuukuu, sokoni Kibuye, ukiwa umekaa juu ya kreti la soda na kikombe cha chai kikipoa mkononi. Wateja walitaka vitabu vya mitihani ya watoto wao, nawe ulitaka kuzungumza juu ya Uholanzi. Ulisema kwamba katika mji wa Leiden, zamani zile karne ya kumi na sita ikiisha, mtu msomi alipofariki, watu wake hawakuvitupa vitabu vyake wala hawakuviuza kwa uzito. Waliviandikia orodha, wakaichapisha, wakaituma hata miji ya mbali kabla ya siku ya mnada, ili mwenye haja na kitabu fulani ajue kwamba kipo na aje akipiganie. Ulisema Waingereza walichelewa kuiga, na kwamba mnada wao wa kwanza wa namna hiyo, kule London, ulikuwa wa vitabu vya mchungaji aliyefariki. Hapo ulikuwa ukiinua kidole. "Mchungaji, Zablon! Si mfalme. Si tajiri. Vitabu vimekwenda kwa watu mbalimbali, lakini orodha imebaki, na anayeisoma leo anamwona yule mzee amekaa katikati ya rafu zake."

Nami nilikuwa nikikuuliza kama Waholanzi wale walikuwa na sukuma wiki nyumbani, maana ya kwako ilikuwa ikikungoja.

Ulipougua ulitushika mikono, mimi na Mama Njeri, ukatuagiza. Tuandike orodha kwa mtindo wa kale: theolojia kwanza, kisha sheria, kisha tiba, kisha historia na mengineyo. Katika kila fungu, vianze vile vikubwa ambavyo karatasi yake imekunjwa mara moja tu, vifuate vya mikunjo miwili, kisha vya mitatu. Na vile vijitabu vyembamba visivyo na jalada gumu, ukasema, "vifungeni mafurushi, viwekeni mwisho, msijichoshe kuvitaja. Ndivyo walivyofanya."

Mama Njeri alipinga. Alisema vijitabu navyo vina majina. Lakini wewe ulikuwa mgonjwa, nasi hatukutaka kukuchosha.

Baada ya maziko, yeye na mimi tulikaa sebuleni kwenu Nyamasaria, malori ya barabara ya Nairobi yakitikisa madirisha, tukavipanga kwa utii. Mkeo alishika rula na kupima, mimi niliandika kwa mwandiko wangu wa shule ya Biblia. Pale theolojia ilipotuzidi, tuliomba, tukaendelea. Mwisho wa orodha, chini kabisa, niliandika ulivyotaka: "Furushi la vitabu vidogo mbalimbali." Na tena: "Furushi jingine." Na tena.

Kisha tukamtafuta dalali. Katika mji huu dalali amezoea ng'ombe, makochi na pikipiki zilizokamatwa kwa mkopo usiolipwa. Huyu tuliyempata ni kijana mchangamfu, mwenye kipaza sauti cha mkononi na kofia ya majani. Alitaka tuuze Jumapili, siku Kibuye inapojaa watu mpaka barabarani. Nilimwambia kwamba marehemu hakuuza hata penseli siku ya Jumapili. Akasema, akiniita mzee kwa Kijaluo, "Basi Jumamosi, Jaduong'." Nikamwambia kwamba Jumamosi ni mimi siwezi. Alinitazama kama mtu aliyeuziwa redio mbovu. "Sasa nyinyi wazee mmegawana wikendi yote na Mungu, mimi mnaniachia nini?"

Tukamwachia Ijumaa. Hapo ndipo msiba wetu wa pili ulipoanza, Eliudi.

Nilikuwa nimetoa nakala za orodha na kuzisambaza wiki mbili mbele, hadi Muhoroni kwa walimu wa kule, kama walivyofanya watu wako wa Leiden. Wengine walikuja nazo mkononi, zimewekwa alama kwa kalamu, laiti ungewaona! Lakini dalali hakutaka kuisoma. Alitaka kuinua vitabu vitano vitano. Nikasimama kando yake nikaisoma mwenyewe, jina la kitabu, mwandishi, mikunjo ya karatasi, na ukingoni nikaandika nani amekichukua. Watu walipiga miayo. Mama mmoja mwuza njugu alisema kwa sauti, "Mzee, hii ni mnada ama ni kumbukumbu ya vita?" Nilisoma. Theolojia ikaisha, sheria ikaisha. Jua likawa linashuka. Na wewe unajua kwamba Ijumaa jua likizama mimi sina biashara tena duniani mpaka kesho yake jioni. Ulikuwa ukinitania: "Zablon, jua lako hutua mapema kuliko la watu wengine."

Dalali naye aliligundua hilo. Alipoona ninatazama juu kila ukurasa, akaanza kunichelewesha. Akaomba maji. Akatafuta betri. Nikafika mwisho wa historia, nikamkabidhi Mama Njeri orodha, nikaondoka kwenda kuipokea Sabato. Yalikuwa yamebaki mafurushi tu.

Yaliyofuata aliniambia Mama Njeri. Dalali alizikata kamba zote, akayamwaga rundo moja mezani, na katika rundo lile kikatokea kitabu cha nyota, hirizi na dawa za mapenzi, chenye picha ya mkono na jicho juu yake. Yule dalali hana haya. Akakiinua juu kabisa na kipaza sauti. "Cha Mwalimu hiki! Mwalimu alikuwa anajua mambo!" Watu walicheka. Mmoja akasema, "Kumbe! Ndio maana wezi walikuwa wanaogopa duka yake." Mwingine akadai ndiyo siri ya kuishi na mke mmoja bila kelele. Mama Njeri alisema hakikuwa chako. Alisema mara mbili. Hakuna aliyemsikia, hakuwa na kipaza sauti.

Nilimwendea dalali Jumatatu. Nilimwambia kwa utulivu kwamba amechomeka mizigo yake katika mali ya marehemu ili jina la marehemu liiuze. Alichukua nakala yangu, akaweka kidole chini ya mstari wa mwisho, akauliza kwa adabu kabisa: "Jaduong', hapa umeandika furushi. Umeandika ndani kuna nini?"

Nilichukua nakala yangu nikarudi nyumbani.

Na hapa, ndugu yangu, ndipo nina neno nawe. Ni wewe uliyenisimulia kwamba madalali wa kule Uholanzi walikuwa na hila hiyohiyo. Kwamba walichukua vitabu vyao vilivyododa dukani wakavichanganya na vya msomi aliyefariki, hata miji ikaweka amri ya kuwakataza. Ulicheka uliponisimulia, ukapiga goti. Ulijua mwizi hupitia wapi, na mlango uleule ukatuagiza tuuache wazi kwa sababu ndivyo walivyofanya wazee wa kale! Mkeo aliuona. Mimi na wewe, tulioketi shuleni miaka yote ile, tulitaka upendeze mtindo.

Neno likatembea. Lilifika kanisani kwako kabla ya ibada. Wazee walikuwa wamekubaliana kuandika jina lako juu ya mlango wa chumba kipya cha kusomea, fundi wa mbao amekwisha kulichonga, nikaambiwa kibao kimewekwa stoo, kikitazama ukuta, "mpaka mambo yatulie." Watu uliowafundisha katekisimu!

Basi nikafanya jambo ulilonisihi miaka yote bila kufaulu. Nilikuja kanisani kwako Jumapili. Nilivaa koti jeusi. Nilikaa nyuma, nikasimama walipokaa na kukaa waliposimama, na baada ya matangazo mchungaji wako akanipa nafasi, nadhani kwa mshangao tu. Nikafungua orodha nikaisoma yote. Hawakuwa na mahali pa kwenda. Ibada ilikuwa haijafungwa. Nilipofika mwisho nikasema kweli: "Hapa imeandikwa furushi, na siwezi kuwaambia lilikuwa na nini. Lakini kile kitabu hakikuwamo."

Niliona mzee mmoja wa mbele akikunja mikono, kana kwamba amepata alichokitaka.

Ndipo mama mmoja wa kwaya, yule mnene wa Nyamasaria anayeuza mayai, akasema kutoka kitini, "Kilikuwamo cha kufuga kuku. Niliazima mimi. Nilirudisha na doa la mafuta, akanisema mwaka mzima."

Watu wakacheka. Mwanamume mmoja akainuka: "Na cha nyuki. Kurasa za katikati hazikuwapo." Mwingine, cha kutibu maji ya kisima. Mwingine, cha nyimbo za mazishi. Mzee wa nyuma akasema kulikuwa na cha ushauri wa ndoa, na mkewe akamvuta koti: "Keti wewe, umesahau hata kukirudisha!" Nilikuwa nimeegemea meza ya Bwana, nikiandika ukingoni haraka kama karani wa mahakama, na machozi yakiniharibia wino. Walikuwa wameyafungua mafurushi yako, Eliudi, kijitabu kwa kijitabu. Uliwaazimisha nusu ya mji, nawe hukuniambia.

Usidhani yameisha. Hawakukumbuka vyote. Dalali angali na kofia yake, anauza makochi. Kitabu kile cha hirizi kimenunuliwa na mtu nisiyemjua, na huko kiliko kinaitwa chako. Wazee wako wamesema watakaa kikao. Kibao bado kiko stoo, nilichungulia. Nimewaambia nitarudi kila Jumapili mpaka wachoke na sura yangu, na Mama Njeri amesema atanishonea koti jingine, kwa maana hili limepauka.

Lala salama, ndugu yangu, mpaka asubuhi ile ambayo hata sisi wawili hatukuwahi kubishana kwamba inakuja. Nakuahidi hivi: vijitabu vilivyosahauliwa nitaviulizia nyumba kwa nyumba, kuanzia Nyamasaria hadi kwa walimu wa Muhoroni, na kila kimoja nitakipa mstari wake. Orodha itachapishwa upya. Na vyangu vitakapouzwa, sitataka mtindo wa Leiden. Neno furushi sitaliandika tena.

Nawe usomaye, Mama Njeri, Mungu aliyeyahesabu machozi yako aijaze nyumba yako utulivu, awalinde wana wako na wana wao waingiapo na watokapo, akurudishie sauti yako, na siku utakaposema tena kwamba jambo fulani sivyo, atujalie sisi wazee masikio. Amina.

Nduguyo katika Bwana,
Zablon