Kitenge Kilichopandwa Nyakato

Jumatatu, 7 Oktoba 1996

“Sanaa ni kile kinachouzwa. Kisichouzwa ni uchafu, na uchafu lazima uzolewe.” Maneno ya Bwana Afya wa manispaa leo asubuhi, nikiwa na ndoo ya kumwagilia mkononi. Alianza na shikamoo, kisha akanitukana kwa adabu.

Upuuzi. Miaka kumi na tisa nimechora nakshi za vitenge kiwandani. Watu wamevivaa harusini, wamebebea watoto, wamefunikia maiti. Hakuna aliyeuliza ua lile moja ni bei gani. Wababeli walipanda bustani juu ya kuta na mpaka leo tunasoma habari zao. Bwana Afya wao hajulikani hata jina.

Kiwanda kimefungwa. Nakshi yangu ya mwisho haikuchapwa. Sasa naiotesha kwenye uwanja nyuma ya nyumba zetu hapa Nyakato: mchicha mwekundu kwenye makopo ya mafuta, majani ya viazi kwenye matairi, shubiri kwenye madumu yaliyokatwa. Amenipa mpaka Ijumaa niondoe, la sivyo anakuja na lori.

Siondoi.

Jumatano, 9 Oktoba

Buswelu kwa kaka. Nimerudi na mzigo wa vijiti vya minyaa yenye utomvu mweupe. Kitenge bila pindo si kitenge. Nimevichomeka pande zote nne, kimoja kimoja, nikifuata kamba niliyoivuta. Utomvu umenichubua vidole. Mistari imenyooka. Nimefurahi kama mtoto.

Alhamisi, 10 Oktoba

Wameng'oa. Pindo lote. Si Bwana Afya. Majirani.

Nilitoka nikawakuta, Mama Regina muuza uji akiwa mbele. Nikawaita washamba. Nilisema mengi, kwa maneno makubwa. Walinyofoa tu.

Kisha utomvu ukamrukia Mama Regina jichoni. Nilimwosha kwa maji, ndoo nzima, kichwa chake kikiwa magotini pangu. Ndipo aliponiambia, jicho limefumba:

“Mama Kulwa, ungepanda maua tu, tungekuja kutazama. Wewe umezungushia minyaa. Watoto wetu wakacheze wapi?”

Mimi, Msukuma. Binti wa mtu aliyepanda wigo wa minyaa kwa mikono yake. Kwetu minyaa si pambo. Minyaa husema hapa pana mwenyewe. Na siku hizi kila penye nafasi panapimwa, panauzwa. Nimesoma habari za Babeli nikasahau wigo wa baba.

Aibu. Aibu kabisa.

Jioni

Nimeomba radhi nyumba zote kumi na saba. Ya tatu walinicheka: “Karibu, mwenye kiwanja.” Nikameza. Kisha nikaomba kila nyumba ilete kijiti chake cha mnyaa kesho alfajiri. Kama minyaa husema, iseme uwanja ni wetu sote.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nyumba kumi na sita zimekuja. Wigo, kijiti mbali na kijiti, umezunguka uwanja mzima, kitenge katikati, njia pana ya kupita imeachwa.

Saa nne, lori. Bwana Afya alishika kijiti kimoja, akakiachia. Kwao ni Magu, Msukuma kama mimi, anajua. Akauliza mpaka huu ni wa nani.

“Wetu, mwanangu,” alisema Mama Regina, jicho bado jekundu. “Ukiona kijiti kilicho cha Mama Kulwa peke yake, king'oe.”

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Lori likarudi tupu. Amesema atakuja na mpima viwanja. Namwamini. Atakuja.

Jumapili, 20 Oktoba

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Vijiti vinane vilikauka, wenyewe wamebadilisha. Nyumba ya kumi na saba imeleta chake leo, bila neno.

Nakshi si yangu tena sawasawa. Mtu amepanda mchaichai pembeni. Hauendani na rangi. Nimeuacha. Mama Regina amechuma mchicha wa ua la tatu akapike. Pamebaki pengo. Litaziba.

Nimeandika kwa rangi kwenye bati kuukuu na kulisimamisha penye njia. Bila tusi hata moja, jambo geni kwangu:

Bwana Afya, nawe mpima viwanja. Msiguse kijiti hata kimoja kabla ya kupiga hodi nyumba zote kumi na saba. Anzeni kwa Mama Regina.