Kabla Hujaisikia Redioni

Mpendwa Baba,

Shikamoo, na nyingine mfikishie Mama. Goti limetulia, au bado unalidanganya kwa dawa ya kuchua huku unaendelea kupanda ngazi? Mama anasema hakuna mgonjwa msumbufu kama muuguzi mstaafu, nami namuunga mkono. Mimi ni mzima kabisa. Jua limenikoza na viganja vimekuwa vigumu kama magamba, lakini nakula vizuri na nalala fofofo, kwa hiyo msiwe na wasiwasi.

Kazi inakwenda. Kituo chetu cha utafiti ni vyumba vitatu nyuma ya ghala la barafu. Changu kina meza, darubini mbili na tangi la maji ya chumvi linalovuja. Maji ya bahari yakipwa nashuka ufukweni na fremu yangu ya chuma, naiweka chini na kuhesabu nyasi za baharini zilizomo ndani yake. Uliwahi kuniuliza kama kweli mtu mzima analipwa kwa kuhesabu nyasi. Analipwa, Baba. Zina mizizi, zinachanua maua chini ya maji, na samaki wachanga hujificha humo mpaka wapate nguvu.

Miezi minne iliyopita manispaa ilitangaza kwamba itang'oa nyasi zote mbele ya soko la samaki, ili watu waogelee kwenye maji meupe. Mkuu wa kituo akanituma mimi, mdogo kuliko wote, nikawaeleze watu wa soko hasara yake. Nilijiandaa wiki nzima. Nikaenda na projekta, michoro thelathini na maneno yote magumu niliyopewa chuoni. Hata nusu saa haijafika, wengine walishaondoka, na waliobaki walikuwa wanasinzia. Nilipomaliza alisimama mama mmoja muuza samaki, ambaye soko zima linamwita Bi Mizani kwa sababu hajawahi kumpunja mtu.

"Mwanangu, umesema vizuri sana," akaniambia, "lakini mimi sikuambulia kitu. Hizo nyasi zinanihusu nini?"

Nilimjibu kwa maneno marefu zaidi. Akanionea huruma, akaketi.

Kesho yake nilirudi mikono mitupu, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya meza yake, nikamtazama anavyopasua samaki. Matumbo alikuwa anayatupa kwenye beseni bila hata kuyaangalia. Nikamwomba alipasue moja, la wale samaki anaowauza kuliko wote. Lilikuwa limejaa majani mabichi yaliyosagika. Akayasugua kwa vidole, akaniuliza kama ndizo zile nyasi za kwenye picha zangu. Nikamwambia ndizo zenyewe. Akawaita wenzake wa meza zote.

Siku ya kikao cha manispaa hakunipa hata nafasi ya kuanza. Aliingia na beseni lake, akapasua samaki mbele ya mwenyekiti, akaeleza mizizi, maua na samaki wachanga vizuri kuliko mimi. Kazi yangu ikabaki kujibu maswali ya takwimu. Wakakubali kuziacha nyasi, na waogeleaji wakatengewa upande wa pili, ambako hazioti. Tangu hapo kila Alhamisi nina darasa pale sokoni, na watu wanakuja na maswali mengi kuliko majibu niliyo nayo.

Ndipo redio ikatualika, mimi na Bi Mizani. Tulirekodi juzi. Mtangazaji akaniuliza nani alinichagulia njia hii. Hapa, Baba, nakuomba uketi.

Miaka saba sasa umekuwa ukisema kwamba bodi ya udahili ilininyima udaktari. Umekwenda ofisini kwao mara mbili, umewaandikia barua tatu, na kila daktari unayekutana naye unamsimulia jinsi mwanao alivyodhulumiwa. Hakuna aliyenidhulumu. Ile fomu uliyonipa nikaitume, yenye udaktari namba moja, haikwenda popote. Nilijaza nyingine palepale posta, nikaweka sayansi ya bahari, na udaktari sikuuandika kabisa.

Nilijua ungekataa. Nilijua pia ungekataa kwa upendo, baada ya miaka thelathini ya kupokea amri za madaktari, na upendo huo ungenishinda. Kwa hiyo nilinyamaza. Hata juzi nilifungua kinywa niseme kama kawaida kwamba nilipangiwa, nikaghairi. Nikasema kweli. Bi Mizani alinigeukia akaniuliza, kinasa sauti kikiwa wazi, "Na baba yako anajua?" Nikamwambia atajua kabla ya Jumamosi.

Kipindi kitatoka Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi. Sikuombi radhi kwa kuichagua bahari. Ningeichagua tena leo. Nakuomba radhi kwa zile barua tatu, na kwa kukuacha ugombane na watu wasio na kosa. Hukustahili hilo, na najua.

Jumapili nakuja nyumbani. Kama utakuwa umekasirika usijilazimishe kucheka kwa ajili yangu. Nifungulie mlango hivyohivyo na hasira zako, tutakaa nazo.

Nisalimie Mama, dada na wanawe, na jirani anayekuazima gazeti.

Ni mimi kitindamimba wako, mtiifu siku zote ukiondoa ile ya posta.