Ulijua Tangu Januari

3 Juni

Binti yangu,

Natumaini wewe na kile kifua chako mmeshapatana. Sisi wazima, goti la mama yako linalalamika asubuhi tu. Asiye mzima ni ngano. Nimepita shambani nikatoka na suruali rangi ya chungwa mpaka magotini. Majani yote yameshika kutu. Na ni ile mbegu mpya, mfuko umeandikwa “haishiki kutu”! Bwana shamba akaja, akasema mbele ya majirani, “Mzee, huu ni uvivu. Umechanganya na mbegu za zamani.” Mimi! Miaka thelathini nalima. Wewe ndiye unayechunguza kuvu wa mimea. Majani machache nimeyatia kwenye bahasha hii. Niambie ukweli.

Baba yako

19 Juni

Baba,

Shikamoo. Kifua kimepoa, nashukuru. Mpe mama pole ya goti.

Majani nimeyapima mara tatu. Hukuchanganya mbegu, wala si uvivu. Kuvu anayeleta kutu ndiye aliyebadilika. Lile vumbi la rangi ya chungwa ndizo mbegu zake, mamilioni kwenye shamba moja, na hazifanani zote. Ikizaliwa moja tu inayoweza kuishambulia ngano yetu mpya, inakuta mashamba yote yamepandwa hiyo hiyo, na haina wa kugombania naye. Misimu michache, uzao wake umeenea kote.

Baba, kuna jambo limenikaa kooni. Kuvu huyu nilimwona Januari, kwenye majani ya wilaya nyingine. Nikaandika ripoti. Mkurugenzi wa kituo chetu cha utafiti, kilichoitoa mbegu hiyo, akaifungia kwenye droo ya meza: “Mbegu iko madukani, usitutie aibu. Subiri.” Nikasubiri.

Nisamehe.

Binti yako

1 Julai

Binti yangu,

Marahaba. Afya yangu usiulize.

Januari! Mimi nilipanda Machi. Februari ulikuwa hapa, umekalia mifuko hiyo hiyo unakunywa chai, nikakuuliza, “Hii vipi?” Ukajibu, “Nzuri, baba.” Nzuri! Huyo mkurugenzi hanijui, simjui. Wewe je? Nilikusomesha uone nisichokiona mimi. Umekiona, ukanyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa maradhi umeficha wewe, na kinachokufa ni shamba langu. Jirani yetu mjane ameifyeka ngano yake yote, analishia mbuzi.

Usiniandikie tena mpaka uwe umewaandikia wanaopanda.

Baba yako

30 Agosti

Baba,

Shikamoo. Naomba tu barua hii uifungue.

Nimewaandikia. Ripoti nimeipeleka redioni na kwa vyama vyote vya wakulima, na jina la mbegu nimelitaja. Mkurugenzi akaniita. “Nani kakupa ruhusa?” Nikamwambia, “Baba yangu.” Akadhani namfanyia utani. Siku ile ile kufuli ya maabara ikabadilishwa, na majani yenye kutu niliyokusanya kwa miaka sita yakachomwa moto nyuma ya jengo. Miaka sita, baba! Hata ya wale kuvu wa zamani, ambao ndio tungemlinganisha nao huyu mpya. Nililia kwa hasira, si kwa majuto.

Nimesimamishwa kazi. Ila majani yako sikuyaacha pale. Yako kwa mwenzangu wa chuo kikuu, naye amepata jibu lile lile. Hilo hawalichomi.

Binti yako

14 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako kasahau goti, anauliza tu kama unakula.

Barua nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti. Redioni tulikusikia. Mifuko ile imeondolewa madukani. Bwana shamba kaja kuniomba radhi sebuleni, nikamrudisha: alinitukana mbele ya majirani, akaniombe radhi mbele yao.

Wakulima tunakutana Jumamosi. Wanataka uje uwaeleze msimu ujao wapande nini. Sikuficha, nimewaambia ulijua tangu Januari. Mjane anasema ana maneno na wewe. Na mimi hasira zangu hazijaisha, usijidanganye. Utakaa mbele, utawajibu wote. Wa kwanza kuuliza nitakuwa mimi. Wakikumaliza, tutarudi nyumbani pamoja.

Baba yako