Muhogo uliomunyamazisha mama mukwe

Mujukuu wangu Wilondja,

Huku Baraka tuko wazima. Baba yako, mwanangu hodari, anakusalimia. Unauliza kama watu watakubali muhogo munaojaribu chuoni. Sikia.

Nilipoolewa, wakati wa Wabelgiji, ugonjwa ulikunja majani ya mihogo yetu. Monitere wa kilimo, yule wa serikali wa kufundisha walimaji, akanipa miti mipya ya muhogo nijaribu kupanda. Ikastawi kuliko yote ya Fizi! Lakini mama mukwe akaonja bugali ya unga wake, akasema: "Bugali gani hii, inalegea kama uji? Ng'oa!"

Kumbe muhogo ule ulikuwa na maji mengi. Nikauanika mpaka ukauke kabisa, nikautwanga, nikasonga tena. Akala, akamaliza sahani, akauliza:

"We mutoto, miti ya kupanda iko wapi?"

Leta na huo wenu. Mi bado najua kusonga.

Bibi yako