Vipikipiki vya Magurudumu Manne na Mfuko wa Mchanga

KAMATI YA WAZAZI WA MTAA: KIKAO CHA TISA, CHA DHARURA
Jumapili jioni, sebuleni kwa Mwenyekiti (ufunguo wa ukumbi umepotea tena)

Waliohudhuria: Mwenyekiti, Fundi (mkwe wa Mwenyekiti na mwenye vipikipiki), Mama Pacha, Muuguzi, Katibu.
Hakuhudhuria: Mhasibu. Mafua, yale yale ya kila siku ya kikao.

KUMB. NA. 1/9: KUFUNGUA
Mwenyekiti alimwomba Katibu awatoe wajumbe hofu. Katibu alieleza kwamba mtaani hapa hakuna mwenye bahati kama yeye: ametembea bandari za watu, ameshinda redio kwenye bahati nasibu, na binti yake amepanda vipikipiki vya Fundi mwaka mzima bila kukwaruzika hata ukucha. Wajumbe walipiga makofi. Mama Pacha hakupiga.

KUMB. NA. 2/9: AJALI YA JANA
Mama Pacha alieleza kwamba mwanawe mmoja, wa miaka minane, alipandishwa chombo kizito kuliko baba yake. Kwa kuwa mtoto ni mwepesi na alikuwa akirushwarushwa, Fundi alimfungia mfuko wa mchanga nyuma ya kiti. Kwenye tuta magurudumu ya mbele yaliinuka, chombo kikapinduka kinyumenyume na kumlalia. Mkono umevunjika. "Kingemlalia kifuani, leo ningekuwa naongea nini hapa?"

Fundi alijibu kwamba mchanga ulikuwa wa kumtuliza mtoto, na helmeti alimpa. Muuguzi aliuliza helmeti ya nani.
"Yangu, dada. Nilijazia kitambaa."

KUMB. NA. 3/9: JARIBIO
Mama Pacha alimwomba Mwenyekiti aegemee kiti chake cha plastiki hadi miguu ya mbele iinuke kidogo, kisha akatundika mkoba wake nyuma. Mwenyekiti alidakwa na Muuguzi. Alipopata pumzi alisema jaribio hilo halikuwa kwenye ajenda.

KUMB. NA. 4/9: KURA
Hoja: mtoto yeyote asipande tena vyombo hivi. Mama Pacha na Muuguzi waliunga mkono. Fundi na Mwenyekiti walipinga, Mwenyekiti akisema, "Mbona wa Katibu mzima?"

Ikabaki kura ya Katibu. Katibu aliunga mkono, jambo lililowashangaza wote. Hoja ilipita. Aliomba pia kila mzazi ampelekee Fundi baiskeli za wanawe azitengeneze, maana naye ana watoto wa kulisha. Ilikubaliwa.

Fundi alimwambia Katibu, "Kaka, si tulikubaliana?"
Mwenyekiti aliuliza, "Mlikubaliana nini?"
Katibu alijibu. Mama Pacha alitoka nje kidogo, akarudi. Mwenyekiti aliagiza jibu liandikwe kwa mkono wa Katibu chini ya sahihi, ili mtu asidhani ni utani.

Kikao kilifungwa saa kumi na mbili na robo jioni.

Mwenyekiti: (sahihi)
Katibu: (sahihi)

Kuhusu KUMB. NA. 1/9: bahati hiyo sina. Binti yangu alipinduka na kipikipiki, bega likavunjika, nikakubaliana na Fundi tufiche, nikawaambia kaanguka ngazini. Nilidanganya.